Matairi Makubwa na Gari Lililoinuliwa: Hesabu za Pikapu ya Milimani

Katika vilima vya Ihangiro, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, gari lisiloweza kupanda mlima wakati wa mvua huwa na manufaa machache. Miinuko ya nchi hiyo imejipanga kama matuta marefu yaendayo sambamba na ufuko wa Ziwa Victoria, na kati ya tuta na tuta kuna mabonde yenye mito na maji yaliyotuama. Rubya, yenye hospitali na seminari zijulikanazo tangu zamani, imo katika nchi hiyo ya kupanda na kushuka. Barabara kuu ya lami itokayo Bukoba kwenda Biharamulo hupita Muleba mjini; lakini anayeiacha lami na kuingia vijijini, kwenye migomba na mibuni, hukutana na njia za udongo mwekundu ambazo katika masika, yaani miezi ya Machi hadi Mei, na tena katika mvua za mwisho wa mwaka, hugeuka utelezi na makorongo.

Katika mazingira hayo pikapu ndiyo gari la kazi zote. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, saruji na mabati. Hubeba pia watu, na mara nyingine mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Haishangazi basi kwamba wenye pikapu wengi hutamani kuifanya iwe ndefu zaidi kutoka ardhini, kwa kuivisha matairi makubwa kuliko yale iliyotoka nayo kiwandani, na kwa kuinua bodi yake kwa springi ndefu au vipande vya chuma. Fundi aweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja au mbili. Lakini kinachobadilika si urefu wa gari peke yake. Nguvu ya kupanda, usahihi wa spidomita, uwezo wa breki na uthabiti wa gari kwenye kona, vyote hubadilika pamoja. Mabadiliko hayo yaweza kukadiriwa kwa fizikia na hisabati za shule ya sekondari, na yafaa yakadiriwe kabla ya fedha kutolewa.

Kusoma ukubwa wa tairi

Ubavuni mwa kila tairi huandikwa ukubwa wake. Ichukuliwe pikapu yenye tairi za 225/75 R 15. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili huonyesha kwamba kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 75 ya upana huo. Herufi R hueleza kwamba nyuzi za ndani ya tairi zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Tarakimu ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Kimo cha ubavu basi ni 225 × 0.75, yaani milimita 168.75. Rimu ina kipenyo cha 15 × 25.4, yaani milimita 381. Kwa kuwa ubavu uko juu na chini ya rimu, kipenyo cha tairi zima ni 381 + (2 × 168.75), sawa na milimita 718.5, au karibu sentimita 72.

Mwenye gari akiamua kutia tairi za 265/75 R 16, hesabu iyo hiyo itatoa milimita 803.9, au karibu sentimita 80. Uwiano wa kipenyo kipya kwa cha zamani ni 1.119. Kwa maneno mengine, tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 12 hivi. Uwiano huo wa 1.119 ndio ufunguo wa karibu kila hesabu inayofuata.

Ni kipi hasa kinachoinuka?

Watu wengi hudhani kwamba gari likiinuliwa, kila kitu chake kimekwenda mbali na ardhi. Sivyo ilivyo. Katika pikapu nyingi, sehemu iliyo chini kabisa ni kibumba cha difu kilicho katikati ya ekseli ya nyuma. Ekseli haining'inii kwenye springi. Yenyewe imeshikwa na magurudumu, na springi zimeketi juu yake. Kwa hiyo kuongeza springi au kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli huinua chasisi na bodi, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa. Jiwe lililokuwa likiigonga difu jana litaigonga na leo.

Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya tofauti ya vipenyo, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Katika mfano huu tofauti ni milimita 85.4, nusu yake ni sentimita 4.3 hivi. Ikiwa bodi nayo imeinuliwa kwa sentimita 5, bodi itakuwa imepanda sentimita 9.3, na difu sentimita 4.3 tu.

Kazi halisi ya kuinua bodi, basi, ni kulipatia tairi kubwa nafasi ya kuzunguka na kukata kona bila kusugua kingo za bodi, na kuiwezesha pua ya gari kuingia na kutoka korongoni bila kuchimba ardhi. Asiyekusudia kubadili tairi hupata faida ndogo kwa kuinua bodi.

Nguvu ya kupanda hupungua

Injini huzungusha gurudumu kwa momenti ya kani, nayo ni zao la kani na nusukipenyo. Kani inayolisukuma gari mbele, pale tairi linapogusa ardhi, ni momenti hiyo ikigawanywa kwa nusukipenyo cha gurudumu. Nusukipenyo kikikua na momenti isipobadilika, kani hupungua. Hii ni kanuni ileile ya wenzo aijuayo kila mwanafunzi.

Ichukuliwe kwamba pikapu pamoja na mzigo wake ina masi ya kilo 2,500, na kwamba inapanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 8 za barabara. Kani inayohitajika kuushinda mvuto peke yake ni 2,500 × 9.8 ÷ 8, yaani nyutoni 3,060 hivi. Kwa tairi la zamani, lenye nusukipenyo cha mita 0.359, momenti inayohitajika magurudumuni ni karibu nyutonimita 1,100. Kwa tairi jipya, lenye nusukipenyo cha mita 0.402, ni karibu nyutonimita 1,230. Mlima ni uleule, mzigo ni uleule na injini ni ileile. Hata hivyo injini inadaiwa asilimia 12 zaidi. Dereva ataliona deni hilo pale atakapolazimika kushuka gia mapema kuliko alivyozoea, na klachi italiona kila atakapoondoka akiwa katikati ya mwinuko.

Dawa yake yapo, nayo ni kubadili meno ya difu. Difu yenye meno 41 kwa 10 ina uwiano wa 4.1. Kwa tairi jipya hufanya kazi kana kwamba uwiano wake ni 4.1 ÷ 1.119, yaani 3.66. Ili kuirudisha hali ya zamani ingehitajika difu yenye uwiano wa karibu 4.6. Ikiwa gari huendeshwa kwa magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma hazina budi kubadilishwa pamoja kwa uwiano mmoja, la sivyo zitapingana. Gharama hiyo ni kubwa, na mara nyingi mnunuzi wa matairi huwa hajaiweka katika hesabu zake.

Spidomita hudanganya

Spidomita ya kawaida haipimi mwendo wa gari juu ya barabara; huhesabu mizunguko ya shafti itokayo kwenye giaboksi au ya magurudumu yenyewe, kisha hukadiria mwendo kwa kuchukulia kwamba tairi ni lile la kiwandani. Tairi la zamani lilikuwa na mzingo wa sentimita 226 hivi, likazunguka mara 443 katika kilomita moja. Jipya lina mzingo wa sentimita 253 hivi, nalo huzunguka mara 396 tu.

Matokeo yake ni kwamba mshale ukionyesha kilomita 50 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 56. Ukionyesha 80, gari linakwenda karibu 90. Dereva anayeshika kikomo cha 50 katika makazi ya watu atakuwa amekivuka bila kujua. Kihesabu kilomita nacho hupunja: gari likitembea kilomita 1,000, kitaandika 894 hivi, na mafuta ya injini yatachelewa kubadilishwa.

Breki

Breki hushika ngoma au sahani iliyo karibu na kitovu cha gurudumu. Ngoma haijakua, bali tairi limekua. Kwa nguvu ileile ya mguu kwenye pedali, kani ya kusimamisha gari hupungua kwa asilimia 10 au 11. Zaidi ya hayo, tairi kubwa ni zito, na uzito wake mwingi uko ukingoni, mbali na kitovu. Tairi la kilo 14 likibadilishwa kwa la kilo 20 lenye kipenyo kikubwa zaidi kwa uwiano uliotajwa, ukinzani wake dhidi ya kuanza au kuacha kuzunguka hufikia karibu mara 1.8 ya ule wa kwanza, kwa kuwa ukinzani huo hufuata masi na mraba wa nusukipenyo.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. Pikapu nyingi zina vali iliyofungwa kati ya chasisi na ekseli ya nyuma, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia chasisi imeshuka kiasi gani. Chasisi ikishuka, vali huelewa kwamba gari limebeba, nayo huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Bodi ikiinuliwa bila vali hiyo kurekebishwa, gari lililojaa ndizi hadi juu laweza kuhesabiwa na vali kuwa tupu, na breki za nyuma zikanyimwa nguvu wakati zinapohitajika kuliko wakati wowote. Mipira ya breki nayo, isiporefushwa, hukazwa kila ekseli inaposhuka shimoni, na mpira uliokazwa mara kwa mara mwishowe hupasuka.

Kitovu cha uzito

Hatari kubwa kuliko zote iko katika kitovu cha uzito. Gari lisimamalo ubavuni mwa mlima halipinduki maadamu mstari wima utokao kwenye kitovu cha uzito unaanguka kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Kikomo chake hupatikana kwa kugawanya nusu ya upana wa kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kadiri jawabu linavyokuwa dogo ndivyo gari linavyokuwa jepesi kupinduka.

Ichukuliwe kwamba upana kati ya magurudumu ni mita 1.5, na kimo cha kitovu cha uzito cha pikapu tupu ni mita 0.70. Baada ya tairi kubwa na bodi kuinuliwa, kitovu hicho hupanda sentimita 8 hivi. Hakipandi sentimita zote 9.3 kwa sababu ekseli na difu, ambazo ni nzito, zimepanda kidogo tu. Ichukuliwe pia kwamba mzigo mrefu hukifikisha kitovu kwenye mita 0.95. Hesabu hutoa matokeo yafuatayo, kwa pembe ya kupinduka, na kwa mwendo wa kupinduka kwenye kona ya lami kavu yenye nusukipenyo cha mita 40:

Pikapu tupu, ya kiwandani: nyuzi 47, kilomita 74 kwa saa.
Pikapu tupu, iliyoinuliwa: nyuzi 44, kilomita 70 kwa saa.
Pikapu yenye mzigo mrefu, ya kiwandani: nyuzi 38, kilomita 63 kwa saa.
Pikapu yenye mzigo mrefu, iliyoinuliwa: nyuzi 36, kilomita 61 kwa saa.

Hesabu hizi zimelichukulia gari kuwa kitu kigumu kama tofali. Gari la kweli huegemea kwenye springi zake, tairi zake hubonyea, na watu walioketi juu ya mzigo husukumwa upande mmoja. Kwa hiyo hupinduka mapema zaidi. Kwenye changarawe gari huelekea kuteleza kabla ya kupinduka, lakini likiteleza hadi gurudumu likagonga jiwe au ukingo wa mtaro, hupinduka papo hapo.

Mtu aweza kusema kwamba kutoka 63 hadi 61 ni tofauti ndogo. Hapo ndipo spidomita inapopaswa kukumbukwa. Dereva aliyezoea kuipita kona hiyo, akiwa na mzigo, mshale ukiwa kwenye 60, alikuwa akipita salama kwa kilomita tatu tu. Baada ya kubadili matairi, mshale uleule wa 60 una maana ya mwendo wa 67, na kikomo kimeshuka hadi 61. Makosa mawili, kila moja likionekana dogo, yamekutana mahali pamoja. Dereva hakubadili tabia yake hata kidogo, na abiria walio nyuma hawana habari kwamba kitu chochote kimebadilika.

Tope na kanieneo

Je, tairi kubwa halina faida? Linayo, lakini yafaa ieleweke inatoka wapi. Kanieneo ya tairi juu ya ardhi hukaribiana na kanieneo ya hewa iliyomo ndani yake. Gurudumu likibeba nyutoni 6,120 na hewa ikiwa kilopaskali 300, eneo linalogusa ardhi huwa karibu sentimita za mraba 204. Hewa ikipunguzwa hadi kilopaskali 150, eneo huongezeka maradufu, hata kama tairi ni lilelile. Ubora wa tairi kubwa ni kwamba, kwa kuwa hewa yake ni nyingi, laweza kubeba mzigo uleule kwa kanieneo ndogo zaidi bila ubavu wake kukunjika na kuungua. Kipenyo chake kikubwa pia hulisaidia kupanda ukingo wa shimo badala ya kuugonga.

Mfano mashuhuri unatoka katika barafu. Mwaka 2007 pikapu za Toyota Hilux zilizotengenezwa na mafundi wa Aisilandi, zikiwa na matairi ya inchi 38, zilifika mahali ilipokuwapo ncha ya sumaku ya Kaskazini mwaka 1996, zikitembea juu ya bahari iliyoganda. Theluji ni laini hadi chini, na hapo upana ni rafiki.

Tope la milimani ni jambo jingine. Mara nyingi utelezi ni tabaka jembamba juu ya ardhi ngumu. Tairi pana huelea juu ya utelezi huo. Tairi jembamba hulikata tabaka na kushika ardhi ngumu iliyo chini. Ndiyo sababu kwa miaka mingi Land Rover na Land Cruiser za Afrika Mashariki zilivaa tairi refu na jembamba la 7.50-16, ambalo kipenyo chake ni karibu sentimita 80, na madereva wakaongeza minyororo tope lilipozidi. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, nayo yalitoa fundisho hilohilo: magari yaliinuliwa kidogo, yakatiwa springi na shokamzoba imara.

Propela shafti

Bodi ikiinuliwa, giaboksi hupanda nayo, na propela shafti inayoiunganisha na difu hulala kwa pembe kali zaidi. Viungo vyake vya msalaba, ambavyo mafundi huviita krosi, vina tabia ya pekee: vikipinda, shafti ya pili haizunguki kwa mwendo sawa, bali huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti ni asilimia 1.5 tu kila upande. Kwa nyuzi 20 hufikia asilimia 6. Krosi ya mwisho husawazisha kasoro ya ile ya kwanza ikiwa pembe zake ni sawa. Zisipokuwa sawa, gari hutetemeka, na krosi hufa mapema.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo haya, mwenye pikapu anaweza kuamua kwa kiasi. Tairi lenye nakshi za kina kwa ajili ya tope, la ukubwa wa kiwandani au lililozidi kidogo tu, pamoja na springi nzima na shokamzoba mpya, hutatua shida nyingi bila kuvuruga mizani ya gari. Anayeamua kwenda mbali zaidi hana budi kuyatengeneza yote kwa pamoja: meno ya difu, spidomita, mipira na vali ya breki, pembe za propela shafti, na taa za mbele, ambazo bodi ikipanda humulika machoni mwa anayekuja. Vipande vya chuma visiwekwe kamwe juu ya vingine. Hewa iliyopunguzwa kwa ajili ya tope ijazwe tena kabla ya kurudi kwenye lami. Na mzigo, hata gari liwe na nguvu kiasi gani, upangwe ukiwa mzito chini na mwepesi juu.

Jaribio la darasani

1. Weka alama ya chaki kwenye tairi la gari na ardhini. Lisukume gari hadi alama ya tairi irudi chini mara moja, kisha pima umbali. Linganisha na mzingo uliokokotolewa kutokana na maandishi ya ubavuni. Umbali uliopimwa utakuwa mfupi kidogo, kwa kuwa tairi hubonyea kwa uzito wa gari.

2. Simamisha kiberiti chenye mchanga juu ya ubao uliowekewa ukingo mdogo wa kukizuia kisiteleze. Inua upande mmoja wa ubao na pima pembe ambayo kiberiti kinaanguka. Gundisha kiberiti cha pili juu ya cha kwanza na urudie. Eleza tofauti.

3. Gari lenye tairi za 205/80 R 16 limevishwa za 235/85 R 16. Difu imepanda kiasi gani? Mshale ukionyesha 80, gari linakwenda kwa mwendo gani? (Majibu: sentimita 3.6 hivi, kilomita 88 kwa saa hivi.)